Mguu Wangu, Mkono wa Baba

Gari la baba lilikuwa dogo, la rangi ya majivu, wala halikuwa kuukuu. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia gari la kubadilisha vitesi, yaani gia, kwa mkono wanadhani ni chuma chakavu kilichoachwa na Wabelgiji. Lilikuwa gari la kisasa. Vioo vilipanda kwa kubonyeza, redio ilipiga nyimbo kutoka kwenye simu, na usipofunga mkanda lilikupigia kelele mpaka ufunge. Ila katikati ya viti vya mbele ilisimama levie ya vitesi, na chini, kushoto kwa freni, kulikuwa na pedali ya tatu, ambrayaje, ambayo lazima uikanyage kabla ya kugusa levie. Usukani ulikuwa upande wa kushoto. Baba alilitafuta gari la namna hiyo muda mrefu kule Goma, akakataa mengine mengi mazuri, maana karibu yote yanayoletwa siku hizi ni otomatiki, tena yenye usukani kulia.

"Gari yenye kujichagulia vitesi," alikuwa akisema, "siku moja itakuchagulia na shimo."

Alifanya teksi kati ya Masisi na Sake, na kila alipopata abiria wa kutosha aliteremka upande wa pili, Nyabiondo na mbele zaidi. Madereva wengine wakifika kwenye mteremko walitoa gari kwenye vitesi na kuliachilia lijiendee, ili wasichome mafuta. Baba hakuthubutu. Aliteremka kwa vitesi ya pili, injini inalia, abiria wananung'unika kwamba mzee anawachelewesha. Alisema freni huchoka, injini haichoki, na mlima wa Masisi hauna haraka na mtu.

Mimi nashona nguo. Nina mashine yangu ya kukanyaga, barazani kwa baba, na nilirudi kuishi naye baada ya mama kufariki. Si mtu wa subira. Mshono ukienda kombo naufumua wote, na mteja akinisimamia kichwani namwambia akashone mwenyewe. Baba alikuwa mpole, na upole wake ulinikera mara nyingi, kwa sababu ulinifanya nionekane mbaya zaidi kuliko nilivyo.

Asubuhi moja alikuwa uani anaosha gari. Nilisikia ndoo ikianguka. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini, ameegemea gurudumu, mdomo umepinda, maji ya sabuni yanapita chini yake. Alinitazama kama anataka kuniomba samahani. Tangu siku ile upande wake wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na maneno yakaisha yote. Hospitali walifanya walichoweza, kisha wakaturudisha nyumbani. Gari likabaki chini ya mabati, kuku wakataga kwenye kona ya nyuma ya gurudumu.

Miezi ilipita hivyo. Nilimlisha uji, nilimgeuza kitandani, nilishona. Kisha akaja mfanyabiashara wa mawese, mtu wa Walikale, anayepandisha bidoni zake, yaani madumu, kwa baiskeli hadi soko letu. Alipokewa sebuleni, nami nikampa maji. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Goma, alikuwa amekuja kumtazama baba. Yule mtu alitoa ujumbe wake bila kuzunguka: shangazi yetu wa Kibua, dada mdogo wa baba anayeishi kijijini kwao, amelala hainuki tena, na anaomba kaka yake afike.

Huyo shangazi ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa nyumba yao. Baba alimbeba mgongoni walipokuwa wadogo, kwa sababu mama yao alikuwa shambani siku nzima. Hata alipozeeka aliendelea kumwita kwa jina la utotoni.

Kaka aliteremsha sauti. "Papa asijue hii mambo. Iko mugonjwa, itamuua."

Nilikubali, na mtu yeyote wa kwetu angekubali. Habari mbaya haiingizwi kwenye chumba cha mgonjwa. Ndivyo tulivyokuta wakubwa wetu wakifanya, na mpaka leo ukienda kwenye nyumba ya mgonjwa Masisi utakuta watu wanacheka mlangoni huku macho yao yamevimba. Kati ya sebule na kitanda cha baba palikuwa na pazia tu. Lakini mtu asiyesema, tulimhesabu kama mtu asiyesikia. Hata padri alipokuja alituuliza sisi habari zake, akiwa amesimama mbele yake.

Kesho yake mkono ulianza.

Ulikuwa mkono wa kushoto, ule mzima. Ulinyanyuka juu ya blanketi, ukasukuma mbele, ukatulia, ukavuta nyuma, ukaenda pembeni, ukasukuma tena. Asubuhi, mchana, jioni. Mama mmoja wa kanisani alisema anafukuza kitu ambacho sisi hatukioni, akaleta wenzake wakaomba kuzunguka kitanda. Jirani alisema anaaga. Kaka alisema ni neva.

"Hii njo maladi ya kichwa," alisema. "Tumupeleke Goma, bamupime."

Mimi niliona siku nilipoketi miguuni pake kumkata kucha. Kabla mkono haujaenda popote, mguu wa kushoto ulikanyaga ubao wa kitanda. Mguu, kisha mkono. Mguu, kisha mkono. Mimi ambaye maisha yangu ni kukanyaga, nilielewa mara moja: mkono mzima ulikuwa umeichukua kazi ya ule uliokufa. Vitesi ya kwanza. Ya pili. Ya pili kwa muda mrefu sana, halafu anarudi kwenye ya kwanza, anakaa hapo, uso unakaza. Hapo alikuwa anapanda.

"Papa," nilimwambia, "uko naenda wapi? Sake?"

Mkono ulisimama. Macho yakasema hapana.

"Nyabiondo?"

Mkono ukaendelea, mbele zaidi.

"Kibua?"

Alifumba macho, na machozi yakatoka. Nikajua anataka kurudi kwao, na nilidhani najua ni kwa nini. Mzee wa kwetu akitaja kijiji cha baba zake katika hali kama ile, haendi kutembea. Anakwenda kulala kwenye udongo wake. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo mahali ambapo hakuna mtu angeniona, kisha nikaenda kumwambia kaka kwamba baba anataka kufa Kibua, na kwamba lazima afike akiwa bado anapumua.

"Nani alikuambia?"

"Mukono yake."

Alinicheka, nami nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwishowe alikubali, labda ili ninyamaze. "Basi nitamupeleka na ya kwangu."

Gari lake ni dogo vilevile, linang'aa, otomatiki, usukani kulia. Tulimbeba baba tukamkalisha mbele, upande wa kushoto. Alipoketi tu mkono wake ulishuka kutafuta levie. Ulikuta mlango. Ulipapasa plastiki, ukapapasa kitasa, ukarudi. Aligeuza shingo kumtazama mwanawe. Kaka aliondoa gari bila kukanyaga chochote cha maana, kwa kuweka D na kugusa mafuta kidogo, likateleza kimya mpaka nje ya uwanja. Mwanzo wa mteremko, gari linakwenda, baba akafungua mlango.

Kaka alipiga freni mpaka nikagonga kichwa kwenye kiti chake.

"Anataka kujiua!"

"Anataka gari yake," nilisema.

Tukarudi. Kaka aliingia kwenye gari la baba ili amalize mambo. Likaruka kama mbuzi, likazima. Akaliwasha tena, likaruka, likazima. Majirani walianza kusogea. Ukweli ni kwamba kaka yangu, mwenye leseni na miaka mingi ya kuendesha mjini, hakujua ambrayaje. "Kwa Goma tunapigaka D tu," aliwaambia watu, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Kazi ilimwita, akateremka Goma bila kuaga vizuri. Katika nyumba yetu hakubaki mtu wa kuliendesha gari lile isipokuwa mzee aliyekuwa nusu.

Ndipo nikafikiri juu ya kile kiti cha kulia. Usukani wa gari la baba uko kushoto. Abiria wa mbele anakaa kulia, na levie iko karibu na mkono wake wa kushoto. Sikulala vizuri. Kulipokucha nilifukuza kuku, nikaomba vijana wa jirani wanisaidie kusukuma gari mpaka uwanja ulio karibu na parokia, maana kaka alikuwa ameimaliza betri kwa kuliwasha tena na tena. Tukamkalisha baba kwenye kiti cha kulia, nikakaa kwenye usukani. Nilikuwa na umri wa kuwa bibi, sijawahi kuendesha hata baiskeli.

Alivuta levie kwenye ya pili. Mguu wake wa kushoto ukakanyaga sakafu, ukabaki hapo. Nikakanyaga ambrayaje kama yeye. Vijana wakasukuma, gari likatembea, likashika kasi, na ghafla baba akanyanyua mguu. Nikanyanyua wa kwangu. Injini ikanguruma. Vijana wakapiga kelele. Gari otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata mngelisukuma mpaka Sake, na hilo baba alikuwa ametuambia mara nyingi tukiwa hatumsikilizi.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza, au yeye alivyonifundisha. Mguu wangu, mkono wake. Alikanyaga sakafu, nikakanyaga ambrayaje, yeye akabadilisha. Nilipokosea, levie ilipiga kelele ya chuma na yeye akafunga macho kwa uchungu. Nilipokasirika, nikapiga usukani na kusema mambo yote haya ni upuuzi, aliweka mkono juu ya levie na kungoja mpaka niishiwe. Alikuwa na muda. Polepole nilianza kusikia kile alichokuwa anasikia. Injini ikipanda sauti inaomba vitesi ya juu, ikitetemeka kama mgonjwa wa malaria inaomba ya chini. Sikuwahi kuongea na baba yangu kwa karibu namna ile alipokuwa na ulimi wake. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ilinitia aibu, kwa kuwa nilijifunza ili nimpeleke kufa.

Barabara ilipokauka kidogo na watu waliotoka upande ule wakasema pametulia, tuliondoka. Niliweka jibini mbili kwa ajili ya wenyeji, bidoni ya mafuta, na sanda chini ya kiti cha nyuma, imefungwa ndani ya kitenge ili asiione. Niliishona mwenyewe.

Mpaka Nyabiondo nilikuwa bado naweza kupumua. Baada ya pale milima ya malisho inaisha na msitu unaanza kukusogelea, na barabara inakuwa si barabara tena bali mahali ambapo watu wamekubaliana kupita. Mkono wa baba haukuacha levie. Kwenye daraja la magogo alirudisha ya kwanza, akanigonga goti mara moja, maana yake polepole. Kwenye tope alicheza kati ya kwanza na pili mpaka tukatoka, na pale ambapo hatukutoka watu wa njiani walitusukuma. Kwenye mteremko mmoja mrefu niliogopa kelele ya injini, nikataka kutoa gari kwenye vitesi liteleze kimya kama teksi nyingine. Nilisukuma levie mimi. Mkono wake ulishikilia ya pili, mkono wa mgonjwa, na sikuweza kuusogeza hata kidogo.

Karibu na Kashebere palikuwa na kizuizi cha kamba, na mtu mwenye bunduki akaja dirishani. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akatazama levie.

"Mama, dereva ni nani hapa?"

"Ni sisi wawili."

Alitaka kucheka. Kisha aliona mdomo wa baba ulivyopinda, akateremsha kamba yeye mwenyewe. "Muende, mama. Mumufikishe."

Baada ya hapo baba alianza kuchoka. Kichwa kiliegemea kioo, pumzi ikawa fupi na yenye sauti. Nilimwambia tupumzike, mkono ukasukuma mbele. Niliomba kwa sauti. Nilimwambia Mungu anipe mpaka Kibua tu, sitaomba kingine, na huku naomba nilikuwa nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, na kila mara nilipokanyaga niliogopa mkono hautajibu. Ulijibu. Uso wake ulikuwa wa majivu kama gari.

Tuliingia Kibua jua likiwa bado juu. Watu walitoka kwenye nyumba, wakamtambua, wanawake wakaanza kulia. Mtoto wa baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alinishika mikono yote miwili.

"Tumemuleta kwake," nilimwambia. "Apumuzikie hapa."

Alielewa. Aligeuka kuwaambia vijana watandike kitanda nyumbani kwake, na nikamwona akitazama upande wa migomba yalipo makaburi. Wanaume wanne walimtoa baba kwenye gari wakaanza kumpeleka huko. Baba akagoma. Aliwapiga kwa mkono wake, aliwapiga hasa, akanyoosha kidole kwenye nyumba ndogo ya mwisho, yenye moshi unaotoka kwenye majani ya paa.

"Anataka kwa shangazi," mtu akasema. "Si njo yeye alimuita? Tulituma habari na mutu wa mawese. Tukasema labda haikufika."

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Ilifika, nilitaka kusema. Ilifika mpaka sebuleni, nasi tukaifungia pazia. Miezi yote ile tulikuwa tumemtunza mtu tukidhani amekwisha, kumbe yuko nyuma ya kitambaa anasikia kila neno. Hakuwa anakwenda kufa. Aliitwa na dada yake, na alikuwa anakwenda.

Shangazi alikuwa mdogo juu ya kitanda, mifupa na macho. Walimkalisha baba kwenye kiti kando yake. Alimtazama kwanza mdomo, kisha mkono uliokufa, kisha akasema jambo kwa Kinyanga, lugha ya kwao, ambalo nilielewa nusu yake, kwamba amekawia, na kwamba tangu utoto yeye ndiye humngojea. Baba alicheka. Upande mmoja wa uso wake ulicheka, bila sauti. Aliweka mkono wa kushoto juu ya paji la uso wa dada yake na hakuuondoa. Nilipoleta chakula nilimlisha hivyohivyo. Nilipotaka kumpeleka alale, alikataa, tukamtandikia hapo chini.

Jibini niliyoleta, shangazi alilamba kidogo na kusema ina chumvi.

Alifariki kabla ya Jumapili. Nilitoa sanda kwenye gari. Nilikuwa nimeikata kwa urefu wa baba, ikawa ndefu mno kwake, nikakaa kwenye kizingiti kuikunja na kushona upindo. Baba alinitazama nikishona. Aliiangalia ile nguo kwa muda, akaangalia urefu wake, akajiangalia miguu yake. Nadhani alielewa yote. Hakunikasirikia. Kaburini alirusha udongo kwa mkono wa kushoto, macho makavu, kama inavyompasa mkubwa wa marehemu.

Siku ya kuondoka, wanaume wa ukoo walisema mzee abaki. Amefika kwake, udongo wake uko hapa, kwa nini arudishwe kwenye milima ya watu? Walisema kwa heshima na walikuwa na haki. Nilimuuliza baba mbele yao, na niliuliza nikimtazama yeye, si wao. Alinyoosha mkono kwenye gari. Mama yetu amezikwa Masisi, na mimi naishi Masisi. Wanaume wakambeba mpaka garini.

Niliwasha gari, akakanyaga sakafu, nikakanyaga, akaweka ya kwanza. Tulivuka uwanja, watu wanapunga mikono. Nje ya kijiji barabara inapanda. Injini ilianza kuomba ya pili, nikakanyaga ambrayaje na kungoja.

Hakuweka. Mkono wake ulikuwa mapajani, umefunguka, na yeye anatazama dirishani msitu ulio upande wa kaburi. Gari lilianza kupoteza nguvu. Nilishika levie mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila mkono wake, nikavuta nyuma. Iliingia bila kelele. Nilimtazama nione kama amesikia.

Alikuwa analia. Hakuwa analia kwa macho tu, alilia kwa sauti, sauti nzito iliyopasuka katikati, na ilikuwa sauti yake, ile ile, ambayo sikuwa nimeisikia tangu ndoo ilipoanguka. Nilitaka kusimama nimshike. Lakini tulikuwa kwenye mlima, na ukisimama hapo huondoki tena bila kusukumwa. Nilimwacha alie, nikaendesha.